Kisomeo cha nukta nundu, kibodi ndogo na kadi ya shingoni: tathmini baada ya miezi minane

Kwa miaka sita mjomba wangu alisalimiwa kila siku bila kujua. Watoto wa jirani walimpa shikamoo akiwa amekaa kibarazani, vijana wa bodaboda walimwita “mzee wetu” kila alipopita na fimbo yake nyeupe, na kwa kuwa hakuitika, wapo waliomwona mtu mwenye majivuno, na wapo walioacha kabisa kumsalimia. Macho aliyapoteza akiwa na miaka minne kwa ugonjwa wa surua, akasoma kwa nukta nundu, yaani breli, maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, hadi akawa mwalimu. Kisha utu uzimani akaugua kifua kikuu sugu, na sindano za kanamycin alizochomwa kwa miezi kadhaa zikamponya kifua na kumwondolea usikivu. Dawa hiyo inajulikana kwa kudhuru sikio la ndani, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba haipendekezwi tena katika tiba ya kifua kikuu sugu, ingawa kwake yeye tangazo hilo lilikuja maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Ninaandika kutathmini vifaa tulivyomnunulia ili azungumze na watu asiowajua, njiani, dukani na ndani ya basi, na kipimo changu cha kwanza ni kile alichonipa mwenyewe siku tulipofungua boksi: je, salamu itamfikia?

Vifaa vyenyewe, ukiacha kadi ya maelezo anayoivaa shingoni, ni vitatu, na hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake. Cha kwanza ni Orbit Reader 20, kisomeo cha nukta nundu chenye ukubwa wa kitabu kidogo kinene. Cha pili ni simu janja ya kawaida yenye programu ya kusoma skrini, ambayo huunganishwa na kisomeo kwa Bluetooth. Cha tatu ni kibodi ndogo isiyo na waya, tuliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 40,000, ambayo ndiyo anayopewa mtu wa pembeni ili aandike. Anachoandika kinaingia kwenye simu, simu inakipeleka kwenye kisomeo, na nukta zinainuka chini ya vidole vya mjomba, ambaye husoma na kujibu kwa sauti yake mwenyewe, kwa kuwa alijifunza kuzungumza miaka mingi kabla ya kuacha kusikia.

Kisomeo hiki kina seli 20, yaani nafasi za herufi moja moja, katika mstari mmoja, na kila seli ina nukta nane zinazoweza kupanda na kushuka. Visomeo vingi vya kawaida hutumia vijiti maalumu vinavyojikunja kwa umeme, teknolojia nzuri lakini ghali sana, na ndiyo maana kwa miaka mingi bei zake zilianzia maelfu ya dola. Waliobuni Orbit Reader walitumia njia nyingine ya kuinua nukta, wakaweza kuitoa kwa bei iliyokuwa chini ya dola 500 ilipoingia sokoni. Njia hiyo ina gharama zake: mstari haubadiliki kwa mpigo bali huandikwa upya kuanzia kushoto kwenda kulia, na hutoa mlio mdogo kama wa punje za mchele zinazomiminwa kwenye ungo. Kwa msomaji mwepesi anayesikia, mlio na kusubiri huko vingeweza kuudhi. Mjomba hasikii mlio huo, na kuhusu kusubiri, aliniambia kwamba mtu aliyesubiri miaka sita hawezi kulalamikia sekunde. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba nukta zikishasimama zinakaa imara, hazididimii chini ya kidole, na kwa mikono iliyozoea karatasi nzito ya shule ya zamani hilo si jambo dogo.

Wazo la kumpa mtu wa pembeni herufi anazozijua, na kumpa asiyeona wala kusikia nukta anazozijua, si geni. Katikati ya karne ya 20 Wamarekani walikuwa na mashine iliyoitwa Tellatouch, yenye vitufe kama vya taipureta upande mmoja na seli moja tu ya nukta upande wa pili. Ukibonyeza kitufe, herufi hiyo moja inainuka chini ya kidole cha mwenzako, kisha inashuka, nawe unabonyeza nyingine. Anayefahamika zaidi leo kwa kutumia mpango wa kisomeo na kibodi ni Haben Girma, mwanasheria wa Marekani mwenye asili ya Eritrea, ambaye mwaka 2013 alihitimu katika kitivo cha sheria cha Harvard akiwa mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kufanya hivyo. Mwezi Julai mwaka 2015, Ikulu ya Marekani ilipoadhimisha miaka 25 ya sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya nchi hiyo, Rais Obama alizungumza naye kwa kuandika kwenye kibodi yake. Ninalitaja tukio hilo kwa sababu ya jambo moja la kiufundi ambalo picha zake zinalionyesha vizuri: kibodi ilikuwa kifaa cha pembeni, tofauti na kile alichokuwa akikisoma.

Sisi hatukulielewa jambo hilo mwanzoni, na kwa wiki tatu tulimpa kila mtu simu yenyewe aandike juu ya kioo. Ilikuwa taabu tupu. Programu ya kusoma skrini inapowashwa, kioo cha simu hakiitiki kwa namna ambayo watu wameizoea: mguso mmoja hauchagui, unatambulisha tu kilichoguswa, na kuteleza kwa kidole kunampeleka mtu mahali asipopataka. Kondakta mmoja wa daladala alibonyeza mara nne, akaona simu “imeharibika”, akairudisha mkononi mwa mjomba na kuendelea kudai nauli kwa kumpapasa begani. Tuliponunua kibodi yenye vitufe vya kubonyeza, tatizo hilo liliisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo, kwa yeyote anayepanga kumnunulia ndugu yake kisomeo, ushauri wangu ni kwamba asiione kibodi kuwa kitu cha ziada cha kununuliwa baadaye, kwani ndiyo mlango wenyewe.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya duka moja la dawa huko Manzese. Nilisimama mbali kidogo kwa makusudi, kwa sababu nilikwishagundua kwamba nikiwa karibu watu huzungumza na mimi badala ya kuzungumza naye. Mjomba aliweka kisomeo juu ya kaunta, akasogeza kibodi mbele yake na kusema, “Mimi sisikii na sioni. Naomba uniandikie hapa.” Binti aliyekuwa akihudumia alitazama kadi iliyoning’inia shingoni mwa mjomba, akatazama kibodi, akanitazama mimi, nami nikageuza uso kana kwamba nasoma tangazo ukutani. Akaanza kuandika kwa kidole kimoja cha shahada, akitafuta kila herufi. Niliona vidole viwili vya mjomba vikitambaa kutoka kushoto kwenda kulia, vikafika mwisho wa maneno, vikarudi mwanzo, vikapita tena taratibu zaidi kama mtu anayehakiki noti. Kisha akanyanyua uso na kuitika, kwa sauti iliyojaza duka zima: “Marahaba, mwanangu!” Binti alikuwa ameandika “shikamoo babu”, herufi 12 na nafasi moja, zilizotosha mstari mmoja na kubakiza seli saba. Habari ya dawa ilifuata baadaye, kama ilivyo desturi.

Mstari wa seli 20 ni mfupi kwa lugha yetu kuliko watengenezaji walivyoweza kufikiri, kwa sababu Kiswahili huunganisha katika neno moja mambo ambayo lugha nyingine huyatawanya katika maneno matano. “Waliokwishaandikishwa”, neno ambalo karani yeyote wa ofisi ya serikali ya mtaa anaweza kuliandika bila kufikiri, lina herufi 21, na haliingii katika mstari mmoja. Mjomba hulazimika kubonyeza kitufe cha pembeni na kuisoma herufi ya mwisho peke yake kwenye mstari unaofuata. “Kituo kinachofuata ni Manzese” huchukua mistari miwili. Hilo halimzuii kuelewa, lakini linapunguza mwendo, na mtu wa pembeni asiyejua sababu huanza kuingiwa na wasiwasi kwamba hakueleweka, akafuta na kuandika upya katikati ya usomaji. Tulitatua hilo kwa sheria moja tuliyoiongeza kwenye kadi: “Ukimaliza kuandika, niguse mkono, kisha subiri.” Visomeo vya seli 40 vipo na vinapunguza usumbufu huo, ila ni vizito zaidi kubeba na bei zake ni za dunia nyingine.

Jambo jingine ambalo hatukulitazamia ni namna vijana wanavyoandika. Mjomba alisomeshwa katika zama ambazo mwalimu alikata alama kwa koma iliyokosekana, na sasa anapokea “xaxa mzee”, “cjui”, “2napita posta”. Katika nukta nundu, tarakimu 2 huandikwa kwa alama ya namba ikifuatiwa na herufi b, hivyo alipokutana na “2napita” mara ya kwanza alidhani ni namba ya basi. Alikwama, akaniuliza kwa kuniandikia kiganjani, nami nilipomfafanulia akafurahi kama mwanafunzi aliyepewa somo jipya. Siku hizi anazisoma bila shida, na amejifunza kwamba anayemwandikia hivyo huwa anamchukulia kama mtu mwingine yeyote anayepata ujumbe wake.

Kuandika kwa sauti, yaani mtu wa pembeni kuzungumza na simu ikageuza maneno yake kuwa maandishi, kungekuwa njia ya haraka kuliko zote, na Kiswahili kimekuwamo katika huduma hizo tangu mwaka 2017. Ndani ya nyumba tulivu njia hii inafaa sana, na kwa wazee wenzake wasiojua kutumia kibodi ndiyo pekee inayowezekana. Barabarani ni habari nyingine. Penye honi, muziki wa duka la jirani na kondakta anayeita abiria, maandishi hutoka yakiwa na maneno ya watu watatu yaliyochanganywa, na kwa mtu ambaye hana namna ya kuthibitisha kwa jicho wala kwa sikio, tarakimu moja ya bei iliyokosewa ni hasara. Mjomba amejiwekea kanuni kwamba masuala ya fedha, dawa na namba za simu lazima yaandikwe kwa kibodi, hata kama mtu atatumia dakika tano.

Kadi ya shingoni ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, tumeichapa na kuilaminisha kwa shilingi 2,000, na nasema bila kusita kwamba bila hiyo kisomeo kingekaa kabatini. Katika sekunde za mwanzo mtu anayemkuta mzee mwenye mashine asiyoifahamu mkononi hajui kama ni chombo cha kupimia presha, kamera au mtego. Kadi yetu ya kwanza ilikuwa na aya nzima ya maelezo na hakuna aliyeisoma. Tuliyo nayo sasa ina sentensi nne kwa herufi kubwa nyeusi juu ya karatasi ya njano: “Sioni na sisikii. Niguse bega. Andika kwenye kibodi, nitasoma kwa vidole na kukujibu. Ukimaliza kuandika, niguse mkono, kisha subiri.” Neno lililobadilisha mambo ni “niguse”. Watu wetu hawathubutu kumgusa mzee wasiyemjua bila ruhusa, na adabu hiyo hiyo, isipopewa ruhusa kwa maandishi, humwacha mzee amesimama peke yake katikati ya umati.

Upande wa majibu una mtihani wake. Aliyepoteza usikivu hawezi kupima ukubwa wa sauti yake, na mjomba, bila kujua, alikuwa akitangaza maradhi yake kwa foleni nzima. Kwa mambo ya siri sasa anageuza mwelekeo: anaandika kwa vitufe vya nukta nundu vilivyopo juu ya kisomeo chenyewe, maandishi yanatokea kwenye skrini ya simu, na mhudumu anayasoma kimya. Faragha hii ilikuwa imepotea kabisa. Kabla ya hapo hata salio lake la fedha za simu lilisomwa na mtu mwingine na kuandikwa kiganjani mwake. Sasa ujumbe wa muamala anausoma mwenyewe, na tangu siku ya kwanza amekataa kunionyesha. Kinachobaki kigumu ni menyu za huduma hizo za kubonyeza nyota na namba, kwani hukatika baada ya muda mfupi, na msomaji wa vidole anaweza kuwa bado yuko chaguo la tatu wakati zinapofungwa.

Betri ya kisomeo hudumu siku kadhaa kwa matumizi yake, nayo inaweza kutolewa na kubadilishwa. Joto la Dar es Salaam hufanya vidole vitoe jasho, hivyo hutembea na kitambaa kikavu, na mvua ikianza kila kitu hurudi ndani ya mkoba. Kamba imara ya mkoba ni lazima, kwa sababu simu na kisomeo juu ya kaunta ya sokoni ni kishawishi kwa wezi.

Sasa bei, na hapa ndipo moyo unaponiuma. Bei ya kisomeo imepanda tangu kilipotoka, na pamoja na usafirishaji ukoo mzima ulichanga zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Marekani ina sheria ya mwaka 2010 iliyotenga hadi dola milioni 10 kila mwaka kuwapa vifaa vya mawasiliano watu wasioona na wasiosikia wenye kipato kidogo, pamoja na mafunzo ya kuvitumia. Kwetu Tanzania tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka huo huo wa 2010, na Kenya imekwenda mbali zaidi kwa kuandika katika ibara ya 54 ya Katiba yake haki ya mtu mwenye ulemavu kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine za mawasiliano zinazomfaa. Huko Kenya, Kilimanjaro Blind Trust ya Nairobi imekuwa ikivipeleka visomeo hivi hivi shuleni kwa wanafunzi wasioona, na hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na uwezo wa kawaida wa familia zetu. Ripoti ya Shirikisho la Viziwi Wasioona Duniani ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba watu wenye hali hii ni kati ya asilimia 0.2 na 2 ya watu wote. Hata tukichukua kiwango cha chini kabisa, kwa nchi iliyohesabu watu zaidi ya milioni 61 katika sensa ya mwaka 2022 tunazungumzia watu zaidi ya laki moja, ambao kila mmoja wao hawezi kusubiri ukoo wake uchange.

Wala nisimdanganye mtu kwamba kifaa hiki kinawafaa wote. Mjomba ana bahati ya mpangilio wa matatizo yake: upofu ulitangulia, akajua nukta nundu tangu utotoni, na Kiswahili ni lugha aliyoisikia na kuizungumza. Mwenye ugonjwa wa Usher huwa ni kinyume chake. Wengi huzaliwa viziwi, hukua kwa lugha ya alama, kisha uoni hufifia polepole, kwanza usiku, baadaye pembeni, mpaka dunia inakuwa kama inayotazamwa kupitia bomba. Mtu huyo huanza kujifunza nukta nundu akiwa mtu mzima, na maandishi ya Kiswahili kwake ni lugha ya pili. Kumpa kisomeo na kumwambia ajitegemee ni kumwonea. Anachohitaji ni mkalimani wa lugha ya alama kwa mguso, na watu wa karibu waliofundishwa kuzungumza kwa mikono yao ndani ya mikono yake. Hata kwa mjomba, kiganja hakijastaafu. Betri ikiisha, au mtu akiwa hana subira ya kibodi, kuandika herufi kubwa moja moja kwa kidole katikati ya kiganja kungali kunafanya kazi, na tumemwongezea mchoro mdogo wa namna ya kufanya hivyo nyuma ya kadi.

Kwa anayesoma nukta nundu vizuri na anayeweza kujibu kwa sauti au kwa maandishi, ninavipendekeza vifaa hivi kwa moyo wote. Kwa familia inayoanza, ningeshauri wiki mbili za mazoezi nyumbani kabla ya kwenda sokoni, kila mtu wa nyumbani akiwa zamu ya kujifanya mpita njia, mpaka kuunganisha kisomeo na simu kuwe jambo la mazoea, kwa maana kuunganishwa huko hukatika mara nyingine na mtumiaji lazima ajue kuurudisha muunganisho peke yake.

Maandishi ya watu hubaki kwenye simu mpaka yafutwe. Mjomba hufuta yanayohusu dawa na fedha siku hiyo hiyo. Mengine huyahifadhi katika faili aliyoipa jina “Barazani”, na baada ya chakula cha jioni huketi nje na kuyapitia tena kwa vidole: kijana wa bodaboda aliyemuuliza kama ni kweli alikuwa mwalimu, mama mmoja kituoni Kimara aliyemweleza kwamba mvua inakuja upande wa Kibamba, na mtoto wa jirani, anayejifunza kuandika, ambaye amemwandikia jina lake mara tisa mfululizo bila kuweka nafasi.